Kiti cha Kumi na Saba

Swali la kwanza aliloniuliza halikuwa jina langu wala kwetu. Aliniuliza hivi: "Mwalimu mkuu na daktari mkuu, wote wamealikwa, wote daraja moja. Nani atangulie?"

Nilikuwa nimebeba viti vinne, viwili kila mkono, na jua la Mirdif, huku Dubai, lilikuwa limenikalia utosini. Nilidhani ananichezea. Nikamjibu kwamba daktari atangulie, maana mtu akizirai katikati ya karamu ni vizuri daktari awe karibu. Alilifikiria jibu langu kwa heshima zote, kichwa amekiinamisha, kisha akasema sababu yangu ni nzuri lakini si ya itifaki. Akaenda zake kukagua mazulia. Nilibaki pale na viti vyangu, nikijiuliza sababu ya itifaki basi ni ipi.

Nilikuwa mfanyakazi wa kampuni ndogo ya kukodisha mahema na viti, ghala letu likiwa nyuma ya Freezone ya uwanja wa ndege. Mimi ni mtu wa Bungoma, na kabla ya kuja Dubai sikujua kwamba kiti kinaweza kumkosesha mtu mzima usingizi. Yeye alikuwa Mzanzibari aliyehamia huku zamani, amekwisha kustaafu. Familia za Kizanzibari zikiwa na harusi zilimwita kabla hazijamwita mpishi, aje aseme nani akae wapi. Sisi wabeba viti tulimwita Mzee wa Itifaki, kwanza kwa kumtania, baadaye kwa sababu hakukuwa na jina lingine lililomfaa. Jina lake halisi nililijua, lakini hata leo nikilisikia huchukua muda kukumbuka ni nani.

Alikuja na vitu vitatu, sikuzote vilevile: bahasha ya kadi alizozikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya mashati, kalamu ya wino mweusi, na kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi kati ya safu na safu. Goti la mtu mzima, alisema, lisiguse mgongo wa aliye mbele. Kila kiti alikisukuma kwa kiganja kabla hajakikubali, na kilichotikisika kilirudi kwenye lori. Hakukijaribu kwa kukikalia. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona amekaa kwenye karamu aliyoipanga mpaka mgeni wa mwisho awe amekaa, na kwa kuwa watu wetu huingia hata wakati halwa inagawiwa, mara nyingi alikula wali wake amesimama, huko nyuma penye masufuria. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baadaye niligundua kwamba huko nyuma ndiko nyama nzuri ilikokuwa, na mpishi alikuwa rafiki yake.

Neno lake lilikuwa "Sababu?" Umeweka kiti hapa, sababu? Umemsogeza shemeji wa bwana harusi safu ya pili, sababu? Alilisema bila ukali, akingoja kweli kujibiwa, na kama jibu lako lilikuwa zuri alibadili mpango wake mbele yako bila haya. "Nimependa tu" kwake haikuwa sababu, na "arbab kasema", yaani bosi, ilikuwa nusu ya sababu. Forman wetu, mtu wa Kerala aliyejifunza Kiswahili cha kuhesabia viti tu, alilichukua neno hilo akalihamishia ghalani. Ukichelewa asubuhi unakuta kasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Sababu?"

Utaalamu wake aliupata ujanani. Alikuwa karani katika ofisi iliyopanga sherehe za serikali Unguja, kwenye ule mwezi mmoja na siku kidogo ambapo Zanzibar ilikuwa nchi huru yenye Sultani kwenye kiti na waziri mkuu mwenye serikali. Mimi shuleni kwetu habari hiyo sikufundishwa, kwa hiyo nilimsumbua kwa maswali, na yeye alipenda kusumbuliwa. Lililonishangaza zaidi ni kwamba mtu asiyeamua kitu alikaa mbele ya mtu anayeamua. Nilimwambia kwetu mwenye amri ndiye mwenye kiti.

"Ndo maana kwenu mtu akishakikalia hataki kuondoka," alisema. "Sisi tulitaka cha mbele akikalie asiyekuwa na cha kupigania. Wanaopigania wapangwe nyuma yake."

Usidhani aliulilia ufalme. Siku nyingine aliniambia kwamba orodha aliyoipiga taipu ofisini, ya nani atangulie nani, ilikuwa na vyeo arobaini na viwili, na katika hivyo arobaini na viwili hakuna hata kimoja kilichowahusu watu waliokuwa nje ya uzio, wenye njaa na hasira, nao ndio waliokuwa wengi. Alilisema hilo huku akinyoosha kamba yake kwenye mchanga, akaendelea kupima. Nilijaribu mara kadhaa kujua kama aliupenda wakati ule au aliuchukia. Mpaka leo sijajua, na nadhani hata yeye hakuwa na hakika.

Orodha yenyewe niliiona. Aliibeba kwenye pochi, nakala ya kaboni kwenye karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka. Juu kabisa Sultani, halafu mrithi wake, halafu waziri mkuu, jaji mkuu, mawaziri, na kushuka chini mpaka wakuu wa idara ambao kazi zao ilibidi anieleze. Ya kumi na saba ilikuwa nafasi ya daktari mkuu wa hospitali. Ya kumi na nane, mwalimu mkuu wa skuli. Ilikuwa orodha ya hafla ambayo haikufanyika. Ilibandikwa ubaoni Ijumaa ili wenyewe waikague, na Jumapili serikali ikapinduliwa.

Swali lake, basi, lilitoka hapo. Alimwuliza kila mtu, dereva wa teksi, muuza mikate, nesi aliyempima presha. Mwalimu na daktari, nani atangulie? Wengi walimjibu kwa kucheka. Forman alisema atangulie anayelipia hema. Mzee aliyapokea majibu yote, akauliza sababu, akatikisa kichwa. Nikahesabu kuwa ni mchezo wake, jinsi wazee wengine wanavyopenda bao.

Nyumbani kwake hakukuwa na itifaki hata chembe. Aliishi kwa bintiye, katika nyumba kubwa ya Mirdif yenye dereva na msaidizi wa kazi, na mchana bintiye akiwa kazini wote watatu walikula mkekani kwenye sinia moja, yeye, dereva kutoka Peshawar na dada wa kazi kutoka Singida. Dada huyo aliniambia siku za mwanzo aliogopa, maana madam hakuagiza hivyo. Mzee akamwuliza sababu ya kula peke yake jikoni, na yeye hakuwa nayo. Kwenye foleni pia alikuwa hovyo kabisa. Kliniki aliwapisha watu mpaka dirisha la dawa likafungwa, na kwa muuza sambusa alisukuma watoto. Nilipomkumbusha alisema sambusa hazina daraja.

Alikuwa pia mwongo wa kazi. Kwenye harusi moja mfanyabiashara mwenye fedha zake alijikalisha safu ya mbele, kiti cha mjomba, na kila mtu akatazama pembeni. Mzee alimwendea, akainama, akamnong'oneza maneno mawili matatu. Yule bwana akainuka mbio, akamshukuru, akahamia safu ya tatu. Nilidhani kamsomea kanuni. Kumbe alimwambia kiyoyozi cha pale juu kinavuja na kanzu yake ni nzuri mno. Nilimcheka sana, mtu wa sheria akidanganya kuhusu maji ya kiyoyozi.

Hakucheka. "Mtu ukimnyima chakula atasahau," alisema. "Ukimkalisha pasipo pake, hasahau miaka arobaini." Nilidhani anamsema yule mfanyabiashara.

Kazi iliyomlisha huku haikuwa ya harusi. Miaka mingi alikuwa karani wa shehena bandari ya Hamriya, akiamua kipi kitangulie kuingia kwenye vyombo vinavyokwenda Bosaso, Mombasa na Unguja. Kinachoshuka mwisho ndicho huingia kwanza, magodoro yasilaliwe na friji. Ilikuwa kazi ileile, alisema, ila magodoro hayanuni. Na hapo Hamriya, kila aliyesafiri kwenda Unguja alipewa naye salamu za kupeleka, orodha ndefu ya watu. Hilo nililisikia kwa mabaharia wenyewe, nikalichukulia kuwa ni upole wa uzee.

Nilikuja kuielewa kanuni yake siku nilipomwomba atuokoe sisi Wakenya. Tulikuwa na chama cha watu wa magharibi, wengi walinzi na wahudumu wa hoteli, na kila mwaka tulifanya karamu. Meza kuu ilikuwa na viti vinane. Waliojiona ni wa meza kuu walikuwa kumi na wanne, mchungaji akiwa bado hajafika. Mwaka uliotangulia watu wawili waliondoka na soda zao. Mzee alikuja na kanzu yake iliyopigwa pasi, akasimama katikati yetu na suti zetu za mkopo, akaomba kitu kimoja tu: kila mmoja aseme alichaguliwa lini.

Makamu wenyekiti walikuwa wawili, na hao ndio waliokuwa na vita. Mmoja alisema Mei. Mwingine akasema Julai, kwa sauti ndogo.

"Wawili wa daraja moja, atangulie aliyeshika kazi kwanza," Mzee alisema. "Tarehe haina ndugu."

Yule wa Julai alinuna, lakini angebishana na nani? Alikaa. Karamu ilikwenda vizuri na hata mchungaji aliyechelewa alikuta kiti chake. Nikimrudisha Mzee Mirdif kwa lori la kazi, tukipita Rashidiya ambako nguzo za treni ya juu zilikuwa zinaanza kusimama, nilijiona nimefumbua fumbo. Nikamwambia lile swali lake kumbe lina jibu. Kati ya mwalimu na daktari, ni kuuliza tu nani aliajiriwa kwanza. Basi, Mzee, nani?

Alizipanga kadi zake mapajani, akazipanga tena.

"Khalas, nishushe hapa," alisema, na nyumba yao ilikuwa bado mitaa mitatu mbele. Nilimwona kwenye kioo akitembea taratibu kando ya kuta za watu, na nilijisikia vibaya, ingawa sikujua kosa langu.

Ilipita miezi. Kisha akanipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniita nyumbani. Nilimkuta mkekani peke yake, orodha ya wageni wa harusi upande mmoja na ile karatasi yake ya kaboni upande wa pili. Kijana mmoja wa Kizanzibari alikuwa anaoa, na babu yake alikuwa anakuja kutoka Unguja kushuhudia. Babu huyo ndiye Mwalimu. Kumi na nane mwenyewe.

Akanieleza yote bila kunitazama. Mwalimu aliajiriwa Machi, daktari Agosti, mwaka uleule. Faili zote mbili zilikuwa mezani kwake siku aliyoipiga taipu orodha. Lakini Mwalimu ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuandika, na ofisini wenzake walikuwa wameanza kumchokoza, ah, huyu atamweka mbele mwalimu wake, twamjua. Basi akamweka nyuma.

"Nilitaka nionekane mwadilifu," alisema.

Ile Ijumaa Mwalimu alikuja ubaoni kama wengine. Aliteremsha kidole mpaka kumi na nane, akasimama hapo kitambo, akamtazama yeye ofisini kupitia dirisha. Kisha akavaa kofia yake akaondoka. Hawakuzungumza tena. Jumapili ikaja na mambo yake, yeye karani akaishia Dubai, Mwalimu akabaki Unguja akifundisha. Daktari alikufa zamani. Salamu zile za Hamriya zilikuwa kwa ajili ya jina moja, mengine yote yalikuwa ya kulifichia. Mabaharia walirudi na salamu kutoka kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Nikamwuliza kwa nini basi alikuwa anawauliza watu nani atangulie, ikiwa jibu alikuwa nalo.

"Natafuta sababu, mwanangu. Labda mmoja angenipa sababu ya kumtanguliza daktari, nikapumzika. Wewe wa kuzirai ulinipa nzuri kuliko wote."

Niliona jambo ni jepesi. Amweke Mwalimu mbele, yaishe. Alinitazama kwa mara ya kwanza, kwa uchovu. Mwalimu atakaa mbele, alisema, kwa sababu ni babu wa bwana harusi. Angekaa hapo hata kama angekuwa mchuuzi wa karanga. Kiti hicho anapewa na mjukuu wake, na hakilipi kitu. Lililobaki ni neno la kusema kwa mdomo, na alihofia kwamba ulimi utagoma, na mwalimu wake atarudi Unguja vilevile, na umri wao wote wawili haukuwa wa kusubiri harusi nyingine. Aliikunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile. Nilimpenda sana siku ile, na sikuwa na la kumsaidia.

Harusi ilikuwa ya alasiri, msimu wa baridi, hema letu kubwa kwenye kiwanja cha mchanga kando ya nyumba. Mzee alifika kabla ya lori. Alikagua viti vyote mara mbili. Wageni wakaanza kuingia, akawakalisha mmoja mmoja, na mimi nikawa safu ya mbele, nimeshika mgongo wa kiti cha katikati upande wa kulia, jinsi alivyotufundisha kuwashikia wazee viti wanapokaa.

Mwalimu aliingia na fimbo, mwembamba, ameshikwa mkono na mjukuu. Mzee alimwendea, akainama kuubusu mkono wake. Mwalimu aliuacha mkono ubusiwe. Wakatembea pamoja mpaka kwangu. Juu ya kiti kulikuwa na kadi, na nilipoitazama ndipo nilipoona kwamba haikuandikwa jina wala "babu wa bwana harusi". Iliandikwa namba tu, kwa wino mweusi, 17.

Mwalimu aliiokota, akaisogeza mbali na macho ili aisome vizuri.

"Kumi na saba," alisema. "Mimi ni kumi na nane."

Mzee alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikaona mjukuu ameanza kumvuta babu yake akae, na nikajua neno lile likipita hapa halitarudi. Nilikuwa mbeba viti, haikuwa kazi yangu kuzungumza. Nikasema polepole, kama yeye anavyosema:

"Sababu, Mzee?"

Alishtuka. Miaka yote lilikuwa neno lake, hakuna aliyewahi kumrudishia.

"Wewe uliajiriwa Machi," alimwambia Mwalimu. "Yeye Agosti." Akavuta pumzi. "Nilijua. Faili zilikuwa mezani kwangu, nilijua."

"Na mimi nilijua kuwa umejua," Mwalimu alisema. "Barua yangu ya kuajiriwa ilikuwa mfukoni siku ile. Nilisimama pale dirishani ukinitazama, nikingoja utoke uniulize. Ungeuliza, ningekuonesha."

Kisha akakaa, nami nikamsogezea kiti. Kadi aliitia kwenye mfuko wa koti, akaupapasa mfuko. Halafu akagusa kwa fimbo kiti cha pembeni yake, chenye kadi ya mjomba wa bibi harusi.

"Kaa."

Mzee aligeuka akatazama mlango wa hema. Kulikuwa na wageni wawili wanavua viatu. "Wageni hawajesha, Mwalimu."

"Nimekwambia kaa."

Akakaa. Alikaa jinsi mtoto wa skuli anavyokaa, mikono juu ya magoti, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, akayaacha yatiririke bila kuyafuta. Mwalimu akaanza kumwuliza habari za bintiye.

Wale wageni wawili wa mwisho niliwapokea mimi. Mmoja wao alikuwa ndiye mjomba wa bibi harusi, mwenye kile kiti. Nikamsalimu kwa adabu, nikampeleka safu ya tano, katikati ya vijana wa mpira wa bwana harusi. Kutoka mbele kule Mzee aliniona. Aliinua kichwa, akatazama nilipomweka mjomba wa watu, akanitazama mimi. Hakuniuliza sababu.